Fono ya Mwami

Katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi (mtaa, jamani, si nchi), kitu cha zamani hakiuzwi peke yake. Kinauzwa pamoja na mwenyewe wa kwanza, na huyo hakuwahi kuwa karani wala mpishi. Saa mbovu ilikuwa ya gavana. Kiti cha miguu mitatu kilikaliwa na mkurugenzi mzima wa Union Minière. Kwa hiyo nilipoinama kutazama kisanduku cheusi chenye kona za chuma, na ndani yake nembo ya mbwa anayesikiliza tarumbeta, nilijua kwamba kabla ya bei nitapewa nasaba.

“Papa, hii fono haikukuwa ya mutu wa bule,” muuzaji akasema. “Ilikuyaka na mwami Albert.”

Kweli Mfalme Albert wa Ubelgiji alizuru Kongo mwaka 1928, mwaka uleule reli ya BCK kutoka Bukama ilipofunguliwa hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo. Na mji wetu ulibeba jina la mkewe, Élisabeth, hadi 1966. Muuzaji alikuwa amejiandaa. Hata yule mbwa, alisema, alikuwa wa mwami. Mbwa mwenyewe anaitwa Nipper, mwenyeji wa Bristol, na alikufa 1895, wakati hapa tulipo palikuwa bado pori. Francis Barraud aliyemchora aliiuza picha hiyo kwa kampuni ya Gramophone mwaka 1899. Lakini ugomvi wa mbwa niliuacha. Nilishika namba ya kwenye kibati: 102. Gramafoni ya HMV 102, ya chapa ya mbwa huyo, ilianza kutengenezwa mwaka 1931. Mwami, basi, alifika miaka mitatu kabla ya mzigo wake.

Hapo nikajikuta katika biashara ya ajabu. Watu wengine hununua vitu vya kale kwa sababu ni vya kale. Mimi nilikuwa naapa mbele ya kadamnasi kwamba kile chombo ni kitoto cha juzi, maana kila mwaka niliofaulu kuufuta ulishusha bei. Muuzaji alinisikiliza kwa utulivu, akapangusa vumbi kwenye mfuniko, akasema, “Njo mwami Baudouin basi.”

Baudouin alizuru Kongo mwaka 1955. HMV 102 zilikuwa bado zinatoka kiwandani. Sikuwa na pa kushika.

“Bote balikuwa bamwami, papa,” akamalizia, akanyoosha mkono kupokea dola.

Ubaya wa 102 ni kutobadilika. Kaka yake, 101 wa mwaka 1925, humsaidia mtafiti kidogo: zile za mwanzo kabisa handeli yao iko mbele, kisha ikahamia ubavuni. 102 ilitoka 1931 ikaendelea hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1950, vita kuu ikaja ikapita katikati, na ukiitazama kwa macho ya mtu wa kawaida ni ileile. Umri wake kwa hiyo ni jambo la kupigiwa kura. Mjomba wangu wa Katuba alipiga ya kwanza. Ndani ya mfuniko mlikuwa na santuri ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, na kila mtu wa hapa anajua kwamba Hugh Tracey alimrekodi Bosco “Masanga” kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. “Basi mashini ni ya 1952,” akahukumu. Kwa hesabu hiyo simu yangu nayo ni ya 1952, maana Bosco yumo humo pia. Sikumwambia. Mjomba hajibiwi.

Gramafoni yenyewe ilikuwa haizunguki vizuri. Kila baada ya muda ilitoa mshindo tumboni, dububu, halafu ikaendelea. Fundi mmoja wa Kamalondo, muzee wa saa na cherehani, alisema ni grisi iliyoganda kwenye springi. Springi hiyo ni utepe wa chuma wa mita kadhaa uliokunjwa ndani ya kopo, na ikiachiwa vibaya hukata vidole. Muzee aliwafukuza watoto, akalifunika kopo kwa gunia, akaanza kuivuta taratibu. Kumbe mwenyewe wa zamani, mwami au si mwami, alikuwa ameipaka mawese. Karakana nzima ikanuka sombe. Mwanafunzi wake akachungulia akauliza chakula kiko tayari lini.

Kwa kasi, sahani inatakiwa izunguke mara 78 kwa dakika. Unachomeka kipande cha karatasi chini ya santuri, unakihesabu kikipita. Nilipewa wasaidizi wawili kutoka uani. Mmoja alihesabu kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiswahili. Kifaransa kilitoa 71, Kiswahili 90. Tukakubaliana kwamba Bosco anasikika vizuri.

Kisha sindano. Santuri zile zina ungaunga unaokwangua chuma, kwa hiyo kila upande, dakika tatu hivi, unadai sindano mpya. Mjomba alishauri mwiba, na hakukosea: Ulaya walitumia hata miba ya mpungate. Sindano ndiyo pia kitufe cha sauti. Nene hupiga kelele, nyembamba hunong’ona, na zaidi ya hapo hakuna cha kupunguza. Mama alinitaka nipunguze. Nikamwambia lazima kwanza nibadilishe sindano. Aliniangalia sana.

Siku umeme ulipokatika jioni, mtaa mzima ukanyamaza, mizike ya baa ikafa, na Bosco akabaki peke yake akipiga gitaa barazani kwangu. Kabla upande haujaisha mlango ukagongwa. Jirani alikuwa na simu mbili na waya.

“Yaya, unichajiyeko kidogo tu.”

Nikamweleza kwamba hii haina umeme, inakwenda kwa mkono. Nikamwonyesha handeli. Nyuma yake walikuwa wamefika wengine, kila mmoja na simu yake. Jirani akaitazama handeli, akautazama mkono wangu, akavuta kiti.

“Haizuru,” akasema. “Zungusha, shiye tutangoja.”