Namna ya Kutajirika kwa Taka Singida Bila Kugusa Taka

Kwanza elewa kwamba taka zina mwenyewe. Ganda la ndizi likiwa mkononi ni lako. Likianguka chini, limeingia serikalini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilizikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na halmashauri ikishampa mzabuni kata, ukipita wewe na guta lako ukidai ada nyumba kwa nyumba, maelezo mengine utayatoa mbele ya mgambo.

Usikate tamaa. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Lisahau neno "taka". Ukisema unazoa taka, umeingilia mkataba wa mtu. Ukisema unanunua malighafi, wewe ni mwekezaji. Guta ni lilelile, nzi ni walewale. Tafuta mizani, kaa chini ya mwarobaini, andika kwenye boksi: TUNANUNUA CHUPA NA MAKOPO. Mzabuni anabisha hodi kudai hela, wewe unabisha hodi kutoa. Utaona nani anafunguliwa geti.

Hatua ya 2: Chagua mzigo. Chuma chakavu kina faida, ila kina vibali. Kijana akikuletea mfuniko wa chemba wenye tope la asubuhi hiyo, usiulize bei, uliza njia ya kutokea. Rambo usiziguse kabisa. Zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo kisheria hazipo, hata ile iliyonasa juu ya mwarobaini wako.

Hatua ya 3: Mjue mshindani. Si mzabuni, ni upepo. Singida upepo huzoa bila leseni, bila mashine ya risiti, na haujui mpaka wa kata. Maganda ya vitunguu ya soko la Misuna huyabeba bure, na mengine huyafikisha Ziwa Singidani, kwa heroe ambao hawana mwenyekiti wa mtaa wa kumlalamikia. Wahi kabla haujavuma. Kwenye vinu vya alizeti umechelewa: mashudu yana foleni ya wafugaji, na tangu yapate bei hakuna aliyewahi kuyaita uchafu.

Hatua ya 4: Unda kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wewe ni mzee wa miaka 60? Ndiyo maana Mungu aliumba wapwa. Lakini kumbuka mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, vikundi hewa vikiwa miongoni mwa sababu, ikarejea 2024. Safari hii hakikisha wanachama wako wanapumua.

Hatua ya 5: Omba zabuni. Guta likishazaa lori, ingia kwenye NeST, mfumo wa zabuni za serikali, ambatisha kila kilichotakiwa, kisha kaa na subira. Ukishinda, utapewa kata, wakusanya ada na kaya ambazo kila ukifika mwenye nyumba amesafiri, huku redio yake ikisikika sebuleni.

Ndipo utakapowaona vijana wa viroba, wametangulia alfajiri, wamechambua chupa zote na kukuachia majivu na pampasi. Andika barua kali kwa mtendaji wa kata. Sema wanaiba taka zako.

Neno hilo sasa unaruhusiwa kulitumia.