Elimufimbo: Uainishaji wa Awali wa Fimbo za Utawala, Kutoka Terrat Hadi New Mexico

Taaluma ya kuchunguza madola kupitia katiba zake imekwisha pata maprofesa wa kutosha. Makala haya yanaasisi taaluma jirani, elimufimbo, inayochunguza madola kupitia vipande vya mti ambavyo wakubwa hushika mkononi wanapoongea. Kituo kikuu cha utafiti ni Terrat, kata ya kusini ya Jiji la Arusha, ambako Mlima Meru huonekana nyuma ya vumbi na mwanamume mzima asiye na fimbo huulizwa kama anaumwa. Kituo cha ulinganisho ni bara la Amerika, tangu enzi ya ukoloni hadi karne ya 19 ilipokwisha. Uteuzi wa bara hilo hauhitaji utetezi mrefu. Huko nako fimbo zimefanya kazi nyingi, na zimeandikwa vizuri zaidi.

Wataalamu waliotangulia (hawapo, lakini adabu ya kitaaluma inataka watajwe) wangeziainisha fimbo kwa mti, kwa urefu, au kwa ukubwa wa kirungu. Tunaukataa utaratibu huo. Mzeituni wa porini, ule oloirien uliozipa jina sehemu kadhaa za mkoa huu, hutoa fimbo ya mchungaji na rungu la mlinzi wa benki, na hakuna aliyewahi kuwachanganya wawili hao. Sisi tunatumia kigezo kimoja: nani anaweza kumnyang'anya fimbo yule aliyeishika?

Engudi, fimbo nyembamba ya kuchungia, haitatuchelewesha. Imeenea kuliko zote. Huegemewa, huelekezea njia, hulazwa mabegani mikono ikaning'inia juu yake, na ndani ya kifodi cha kwenda mjini huzusha mgogoro wa kikatiba kati ya mzee na konda kuhusu nafasi ya siti. Anayeweza kuinyang'anya ni mjukuu tu, na mzee hukata nyingine.

Olkuma ni habari nyingine kabisa. Hili ni rungu jeusi analokabidhiwa laigwanani, msemaji wa rika, na hapa elimufimbo inakutana na jambo lililowatatiza wageni kwa zaidi ya karne moja: laigwanani si chifu. Rika lake, kwa baraka za wazee, limemteua alisemee. Makaa wana wao, Landis wana wao, Korianga wana wao, na rika huzeeka pamoja na msemaji wake. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Waarusha miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1963, kuhusu namna watu hawa walivyokuwa wakimaliza mashauri yao nje ya mahakama ya serikali, katika vikao vya ukoo, vya rika na vya eneo, kwa kuongea mpaka pande zote zichoke. Olkuma haimpigi mtu. Ikipiga imekwisha shindwa kazi. Msemaji akizidisha maneno wazee huanza kukohoa, na kikohozi hicho, kwa maoni ya mtafiti, ndicho chombo cha kuwekeana mipaka ya madaraka ambacho James Madison na wenzake walikitafuta kule Philadelphia mwaka 1787 kiangazi kizima, wakiandika katiba ya Marekani madirisha yakiwa yamefungwa.

Kiboko kinaleta utata wa kiuainishaji, maana ni ngozi na si mti. Tunakiingiza kwa sababu ya tabia zake. Kilifika na Wajerumani, kikawa na kipimo chake, hamsa ishirini, na kwa kigezo chetu jibu ni jepesi: aliyekishika hana wa kumnyang'anya, labda mzungu mwenye bunduki zaidi. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa kwenye miteremko ya Meru. Kapteni Kurt Johannes wa jeshi la Wajerumani akaja kulipiza kisasi, akachoma na kuswaga mifugo, kisha akarudi tena. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwamo Rawaito wa Arusha na Matunda wa Meru. Waliobaki walijengeshwa boma la Arusha kwa kazi ya shuruti. Ndilo hilo lililo makumbusho leo, na watalii hupigia picha mlangoni.

Wiki tano kabla ya siku ya kunyongwa huko, tarehe 26 Januari 1900, gavana wa New York aitwaye Theodore Roosevelt alimwandikia rafiki yake barua yenye msemo ambao alidai ni wa Afrika Magharibi: sema kwa upole, shika fimbo kubwa. Hakuna ushahidi kwamba Johannes aliisoma barua hiyo. Nusu ya pili ya msemo alikuwa nayo tayari.

Baada ya kuwanyonga wenye sauti, Mjerumani aligundua kwamba hana wa kumtuma kukusanya kodi. Laigwanani alisema, hakutawala. Na mtu wa kusema si mtu wa kutumwa. Ikabidi wateuliwe machifu. Mwingereza aliyefuata akaupenda mtindo huo, na mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, akautungia sheria ya Mamlaka za Wenyeji. Hapo ndipo inapozaliwa aina iliyo tajiri kuliko zote katika mkusanyo wetu: fimbo ya kuazimwa.

Kwa aina hii lazima twende New Mexico. Wapueblo, wakulima wa vijiji vya udongo katika nchi kavu ambayo mtu wa Terrat angeielewa bila mkalimani, wanahesabu kwamba fimbo zao za kwanza za ugavana zilitoka kwa mfalme wa Hispania mwaka 1620. Mexico ilipojitawala mwaka 1821 nayo ikatoa zake. Marekani ilipoichukua nchi hiyo kwa vita, Rais Abraham Lincoln akaagiza fimbo zenye kichwa cha fedha, zimechorwa jina lake, jina la kijiji na mwaka 1863. Dola tatu zimepita juu ya watu walewale, kila moja ikija na mti wake. Methali yetu inasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Madrid, Mexico na Washington hazikuisikia. Lakini Wapueblo walifanya jambo ambalo mtoa fimbo hakulikusudia. Walizipokea zote, wakazitunza zote, na kila Januari huzikabidhi kwa gavana mpya waliyemweka wenyewe kwa taratibu zao. Azima iligeuka mali. Zikaja kuwa hoja yao mbele ya serikali: mlitutambua, na risiti hii hapa.

Mtafiti angependa kuishia na sifa za Lincoln, ila tarehe zinakataa. Desemba 26, 1862, mjini Mankato, Minnesota, wanaume 38 wa Dakota walinyongwa kwa pamoja, kwa orodha iliyoidhinishwa na rais huyohuyo. Wenzao wa kusini walikuwa karibu kupelekewa fimbo za fedha. Serikali moja, mwaka usiotimia, kamba huku na zawadi kule. Wazee wa Arusha na Meru wasingehitaji kuelezwa.

Aina ya kuazimwa ina udhaifu unaojulikana: mwenyewe akiitaka, anaichukua. Baada ya uasi wa Túpac Amaru wa Pili, aliyeuawa hadharani Cusco Mei 1781, Wahispania waliuvunja uchifu wa kurithi wa Waandea. Tanganyika huru ilifuta machifu kwa sheria mwaka 1963, kwa sababu nyingine kabisa na bila damu. Matokeo ya kielimufimbo yanafanana mno. Huko milimani Peru wapo mpaka leo varayoc, wenye fimbo, wanaoongoza vijiji kwa zamu. Huku laigwanani hakufutwa, kwa kuwa sheria ilifuta vyeo na yeye hakuwa na cheo. Serikali zote mbili zilizifuta fimbo za machifu. Fimbo isiyo ya chifu hazikujua pa kuishikia.

Fimbo ya hoja hutokea pale maneno yanapoisha. Sampuli iliyohifadhiwa vizuri ni ya Mei 22, 1856, ndani ya Seneti ya Marekani, mbunge Preston Brooks alipomtandika Seneta Charles Sumner hadi fimbo ikavunjika, kisa hotuba dhidi ya utumwa. Mashabiki wa Brooks walimtumia fimbo mpya kwa posta. Katika kikao cha Terrat mtu huyo angetozwa ng'ombe, na pengine angekumbukwa kwa utani usiofaa kuandikwa hapa.

Kuna pia wakati ambapo watu huiacha fimbo wakashika karatasi. Andrew Jackson, rais aliyebandikwa jina la mti mgumu wa kutengenezea fimbo, alitia sahihi sheria ya kuwahamisha Wahindi Wekundu mwaka 1830. Wacherokee walikwenda mahakamani. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ikatamka kwamba jimbo la Georgia halina mamlaka juu ya nchi yao, na mwaka 1838 wakahamishwa kwa mtutu. Huku kwetu, Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki ili wazungu wapate ranchi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, katika shauri lililoandaliwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Azimio lao halikufikisha theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Nchi nzima, hata hivyo, ilikwisha jifunza njia ya kwenda New York, na miaka mitatu baadaye Nyerere aliipita.

Kifimbo chake Mwalimu kinastahili makala yake. Kilikuwa kifupi, hakikuegemewa wala kuchungia, na wananchi walikiamini kuwa na nguvu ambazo Azimio la Arusha la 1967 halikuzitaja popote.

Imebaki fimbo ya mgeni rasmi. Huota kila baada ya miaka mitano, majira ya kampeni, pamoja na shuka ya lubega. Mgombea huvishwa, hukabidhiwa, huinua juu, hupigwa picha, kisha hupanda gari. Kwa kigezo chetu aina hii ni ya ajabu: hakuna anayejaribu kumnyang'anya, kwa kuwa baada ya uchaguzi hakuna anayeiona tena. Tulitegemea kuzikuta pale Uwanja wa KIA, kwenye lango la ukaguzi. Mkaguzi wa hapo ana uainishaji wake, mfupi kuliko wetu: engudi, olkuma, kifimbo cha mtalii kutoka sokoni, zote zinakwenda kwenye mzigo wa chini.