Namna ya Kuharibikiwa na Harusi Njombe, Mwezi wa Saba

Hongera, ndugu yangu. Mchumba umepata, mahari imefika ilipofika, na wazee wa upande wa pili wamesema harusi ni kwao, Njombe, Julai. Watu watakwambia umekosea tarehe. Waache. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10 bila kuombwa. Lolote litakaloharibika siku hiyo, na mengi yataharibika, tayari lina wa kulaumiwa. Harusi ikivurugika Dar es Salaam, anasemwa mwenyekiti wa kamati mpaka mwaka unaofuata. Ikivurugika Njombe, inasemwa baridi. Baridi haidai posho, haina ndugu wa kununa, na haisimami kikaoni kujitetea.

1. Anza na bajeti. Weka fungu la kupoozea vinywaji. Wajumbe wa Dar watalipitisha huku wakijipepea na ajenda, maana kwao barafu ni kitu cha kununua. Ukifika kule, panga kreti nje ya ukumbi upande unaotoka upepo, basi. Saa mbili usiku wazee watakuwa wanashika chupa kwa leso. Fungu lile sasa limekaa vizuri kuziba pengo la wale walioahidi laki na kutuma elfu kumi na salamu.

2. Wageni wa Dar usiwaambie ukweli. Ukitaja nyuzi 10 utapokea udhuru wa magoti, kifua na mtoto mchanga. Sema "kuna kaubaridi fulani hivi, ka kuvaa kakoti." Kisha uombe safari iwe mbaya. Ni kilomita kama 700, na lori moja tu likilala kwenye kona za Mlima Kitonga, basi lao linaingia mjini saa nane usiku. Mgeni aliyelala Kitonga ni mgeni mzuri sana: hakumbuki kuulizia hoteli, anashukuru hata kwa godoro la chini.

Hapo kwenye malazi naweka utani pembeni kidogo. Atatokea mtu mwema wa kuwaingizia wageni jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkatalie, hata kama ni baba mdogo. Ile hewa yake haina harufu na watu hawaamki. Toa blanketi. Tuendelee.

3. Mavazi. Bibi harusi atakuwa amechagua gauni la mabega wazi, Kariakoo, saa saba mchana, jasho likimtiririka. Usibishane naye. Gauni refu lina siri nyingi: ndani yake inaenea suruali ya trakisuti, soksi jozi mbili, na hata buti kama shangazi zake wana akili, na wanazo, wamezaliwa kulekule. Wewe vaa fulana mbili chini ya shati, tai itafunika. Ukianza kutetemeka madhabahuni, usijikaze. Tetemeka waziwazi. Mama mkwe atadhani ni mapenzi, mchungaji atadhani ni hofu ya Mungu, na wote wawili watakuombea.

4. Pete. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo mabwana harusi wengi huumbuka.

Kidole chako kilipimwa Dar kikiwa kimevimba kwa joto. Kwenye baridi vidole hunywea. Asubuhi ile kanisani, ukungu bado umekaa mlangoni, pete itaingia kwa urahisi wa kutia shaka, na itatoka kwa urahisi uleule. Itagonga sakafu ya saruji, kwaya yote itasikia. Itabingiria taratibu kama inayotafuta mtu, itapita chini ya benchi la wakwe, kati ya viatu vya baba mkwe, na itakwenda kulala chini ya kabati la vitabu vya nyimbo, mahali ambapo ufagio haujafika tangu Pasaka.

Usiiname. Rudia moyoni: usiiname. Suruali ya suti mpya huchanika palepale unapopajua. Mtume msimamizi wako; amekula bure vikao vyote, leo atambae. Yeye akiwa magotini, wewe mshike bibi harusi mikono yote miwili na umtazame usoni kana kwamba ibada ilipangwa hivyo. Mvuke ukitoka midomoni mwenu, mwache mpiga picha ahangaike. Hiyo ndiyo picha itakayotundikwa sebuleni, na hakuna atakayejua kwamba nyuma yenu kuna mtu anapigwa kumbo na watoto watano chini ya kabati.

Ukitaka njia ya mkato, zungushia selotepu kwa ndani usiku wa kuamkia harusi. Haionekani. Na kama pete haikupatikana kabisa, azima ya shangazi na uendelee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya nyinyi wawili, mfungishaji mwenye mamlaka na mashahidi wasiopungua wawili. Pete haikudaiwa. Keki ndiyo kabisa.

5. Gari la maharusi halitawaka. Betri iliyochoka hugoma asubuhi za namna hii, na wewe uliazima gari kwa kuangalia rangi. Msimwite fundi kwa sauti ya msiba. Mwambie MC atangaze kwamba vijana wa ukoo wameomba heshima ya kuwasukuma maharusi. Watasukuma, watapata joto, watapiga mbinja, na mwakani kuna familia itataka na wao wasukumwe. Matarumbeta juu ya pikapu nayo yatashuka sauti, kwa sababu shaba ikipoa noti huteremka. Mwenye sikio zuri atakunja uso. Mpe soda.

6. Keki. Ile siagi ya juu itakuwa imekuwa ngumu kama plasta. Msisukumizane na kisu mbele za watu: shikeni mpini pamoja, tabasamuni, kamera zikiwaka kaeni hivyohivyo mpaka zizime, kisha keki ipelekwe nyuma. Kule kuna mama mwenye panga.

7. Chakula na zawadi. Ratiba zote za harusi huweka hotuba, halafu chakula, halafu zawadi. Hiyo ni ratiba ya Dar. Pilau ya Njombe ikisubiri hotuba ya tatu, mafuta ya mbuzi yanaganda kwenye sahani, kisha yanaganda kwenye kaakaa la mjomba, na mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Kwa hiyo geuza. Zawadi zije kwanza kabisa. Wamama wa ukweni wataingia wakicheza, na vichwani, pamoja na masufuria, kuna mablanketi, yale mazito ya maua makubwa. Hapohapo MC atangaze kwamba maharusi, kwa upendo wao, wameamua kuwafunika wazazi. Kisha wafunikwe wajomba. Kisha meza ya wageni kutoka Dar, ambao kufikia hapo watakuwa wamejifunga vitambaa vya meza. Utasifiwa kwa ukarimu ambao haukukugharimu hata senti. Hesabu tu mablanketi mlangoni watu wakitoka, na kumbuka shangazi mmoja huondoka na lake akiwa amelivaa kama mgolole. Huyo msalimie "kamwene" na umwache apite.

Kisha chakula, upesi, wakwe wakiwa wa kwanza. Hotuba zije mwisho, umeme ukiwa umeshakatika. Hotuba bila maiki huwa fupi.

8. Kuvunja kamati. Kikao kifanyike Dar, kwenye joto, wiki mbili baadaye, watu wakiwa wameshaanza kusimulia Kitonga kana kwamba walipigana vita. Mhazini asome taarifa haraka mpaka afike mstari usemao "dharura ya baridi," hapo apunguze sauti na akohoe mara mbili. Hakuna atakayeuliza, kila mmoja bado ana mafua. Fungu la vinywaji likitajwa, agiza supu ya pili.