Ikama ya Kiboko

Paukwa! Pakawa!

Palikuwa na kijiji kando ya mto, mwenyekiti wake Kiboko. Kijiji kilikuwa na zahanati ya bati jipya, na humo ndani alikuwamo Bi Kanga, peke yake. Asubuhi alipima wajawazito, adhuhuri aligawa dawa, jioni alijaza madaftari, usiku alizalisha. Siku aliyougua yeye, kufuli ndilo lililoshika zamu.

Bi Kanga akaenda barazani. "Mheshimiwa, naomba wasaidizi."

Kiboko akamgeukia Kobe, karani wake. Kobe akafungua faili, akasoma polepole kama ilivyo ada yake: "Ikama inataka watumishi kumi na watano. Yupo mmoja. Pengo, kumi na wanne."

"Umesikia, Bi Kanga?" Kiboko akatabasamu. "Shida yako tunaijua hadi idadi yake."

Fisi, mhasibu, akasema fungu la mishahara halipo. Baraza likaketi siku tatu kulijadili pengo, kila mjumbe akalipwa posho ya kikao, na mwishowe likaazimia kujenga zahanati ya pili. Utepe ukakatwa, ngoma zikalia, picha zikapigwa. Na mhudumu wake? Bi Kanga, Jumanne na Alhamisi.

Wakati huo, chini ya mkuyu walishinda Sungura, Njiwa, Digidigi na wenzao, wote wamehitimu uganga na ukunga, vyeti kwapani. Sungura aliuza karanga. Njiwa alirudi kulima. Digidigi alijitolea kwa Bi Kanga miaka miwili bila mshahara. Kila mwaka walituma maombi, na kila mwaka Kobe aliwajibu wasubiri kibali.

Siku moja akaja Korongo, mjumbe wa msitu wa jirani. Waganga wa kwao walikuwa wamegoma, akaomba waazimwe wengine. Kiboko akainuka majini, mto ukapungua kina.

"Tunao mia tano! Wachukueni!"

Kunguru alikuwa tawini. "Mzee, naomba kuuliza. Hao mia tano wametoka wapi?"

"Hao ni ziada."

"Na wale kumi na wanne wa Bi Kanga?"

"Hao ni upungufu. Usichanganye mafaili, kijana."

Vijana wakaomba safari, wakafunga mizigo. Lakini huko msitu wa jirani kesi ikafika kwa Bundi, hakimu: mbona nasi tuna waganga wetu wasio na kazi? Bundi akausimamisha mpango. Kiboko akaona haya mbele ya wenye mizigo. Usiku uleule akamwita Fisi faraghani, na kulipopambazuka fungu likaonekana. Fisi alieleza kwamba lilikuwa limelaliwa na faili. Wote walioomba safari wakaajiriwa hapohapo kijijini, ngoma zikalia tena.

Digidigi hakuwamo. Siku ya kuomba safari alikuwa zamu, akimsaidia Bi Kanga kuzalisha.

Msomaji, hekaya ni yangu, lakini mbegu yake si ya kubuni. Machi 2017, mara baada ya mgomo wa madaktari wa Kenya uliodumu siku 100, Tanzania ilikubali kuwapelekea jirani zetu madaktari 500, huku zahanati na vituo vyetu wenyewe vikiwa na upungufu wa watumishi. Mahakama ya Kenya ilipousimamisha mpango huo, Rais John Magufuli aliagiza madaktari 258 walioomba kwenda huko waajiriwe nyumbani mara moja.

Ilikuwa ajira njema, wala hakuna wa kuilalamikia. Ila ilitufundisha kwamba fungu huonekana pale anayelitafuta anapoona haya. Basi tuone haya mapema, kwa ajili ya Bi Kanga na pengo lake, tusingoje mpaka jirani agome ndipo tumkumbuke Digidigi.