Jinsi ya Kuchagua Kozi ya Chuo Bila Kuchagua

Hongera. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, jina lako limo, na divisheni yako inatajika mbele za watu. Sasa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, imefungua dirisha la udahili, na kila unayekutana naye ana swali lile lile: "Unaenda kusomea nini?"

Wenzako wa Marekani wana upenyo hapa. Vyuo vingi vya kule humruhusu mwombaji kusema bado hajaamua. Anaingia, anaonja masomo ya huku na kule, na kwa kawaida anatakiwa kutaja fani yake kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Fomu zetu hazina kisanduku cha "sijui". Zinataka jina la kozi, kisha chaguo la pili, kisha la tatu. Usihangaike. Sisi tumeshagundua namna ya kuingia chuo bila kuamua chochote na bado tukaonekana watu wenye malengo. Nifuate.

Hatua ya kwanza: chagua jina, kazi itajijua

Simama mbele ya kioo, ujitambulishe kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi: "Na sasa tumkaribishe kaka wa bibi harusi, Mhandisi..." Mwili ukisisimka, hiyo ndiyo kozi yako. Mhandisi anaamka saa ngapi na anashinda wapi kutwa, hayo hayakuhusu.

Kozi ambayo baba hawezi kumtajia jirani bila kutoa maelezo, ifute. Ufugaji wa viumbe wa majini unafundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na nchi ina Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, tena ina bahari. Haya, mfikirie mama akisimama kwenye kikoba kutangaza kwamba mwanawe anasomea samaki. Umeelewa.

Hatua ya pili: mwachie mjomba

Kila ukoo una mjomba mmoja aliyewahi kusoma. Mpigie.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ulisoma kombi gani vile?"

"PCB, mjomba."

"Hiyo ni udaktari. Unauliza nini tena?"

Kikao kimekwisha. Mjomba ana jibu moja kwa kila kombi: PCB udaktari, PCM uhandisi, EGM uchumi, HGL na HKL sheria. Usimkumbushe kwamba udaktari ni miaka 5 ya darasani na wodini, kisha mwaka mzima wa mafunzo kazini. Akikutuma kwenye sheria, usimtajie kwamba anayetaka uwakili akimaliza digrii anapita tena Shule ya Sheria, na kwamba matokeo yaliyotikisa nchi Oktoba 2022 yalionyesha watahiniwa 26 tu waliofaulu moja kwa moja kati ya 633. Mjomba ana presha.

Uzuri wa hatua hii utauona baadaye. Mambo yakienda vizuri, ulichagua mwenyewe. Yakiharibika, mjomba ndiye aliyekulazimisha.

Hatua ya tatu: pakua mwongozo, usiufungue

TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Upakue. Mtu akikuuliza kama unao, mwonyeshe kwenye simu, umemaliza. Kuusoma ni hatari, maana ndani mna safu ya sifa za kujiunga, safu ya idadi ya nafasi na safu ya miaka ya masomo, na safu hizo zimekwisha kuua ndoto nyingi zilizokuwa na afya njema.

Utakuta huko, kwa mfano, kwamba kwa mhitimu wa kidato cha sita shahada nyingi zinaanzia prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Ukiwa na D mbili umeingia mlangoni, ila mlangoni pamejaa watu wenye B, na viti ni vile vile. Utakuta pia kozi zinazodai masomo fulani kwa majina; hizo haziangalii jumla yako peke yake. Mtu mwenye taarifa hizi huanza kusitasita. Wewe hutaki kusitasita. Omba kozi tatu zote zinazogombewa na nchi nzima, halafu uache maombi ya kanisani au msikitini yafanye yaliyobaki.

Hatua ya nne: nenda steshenari

Tangu mwaka 2017 waombaji wanaomba moja kwa moja kwenye vyuo. Maana yake kila chuo kina akaunti yake, nywila yake na ada yake. Kazi hiyo ni ya nini ukiwa na steshenari mtaani? Tafuta ile yenye bango la "Tunaomba Vyuo na Mikopo", chini yake picha za pasipoti, lamination na chaja za simu. Kijana aliyekaa kwenye kompyuta hatainua macho.

"Kozi gani?"

"Yoyote yenye soko, kaka."

Anayo orodha tayari. Ndiyo aliyompa dada aliyetoka sasa hivi, na ndiyo atakayompa mzee anayesubiri nyuma yako akiwa na vyeti vya mwanawe kwenye bahasha ya kaki. Mwache aweke barua pepe yake, nywila yake na, hapa sikiliza vizuri, namba yake ya simu. Mwombaji anayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo kimoja ndani ya siku zilizopangwa. Namba hiyo itaingia kwenye simu ya kijana wa steshenari, ambaye wiki hiyo amesafiri kwenda msibani Singida na chaji imemwishia.

Hatua ya tano: fuata soko la mwaka juzi

Soko lina tabia ya kuhama. Wewe baki pale lilipokuwa. Ualimu ni mfano mzuri. Sekondari za kata zilipoota kila kona miaka ya 2000, mwenye digrii ya ualimu hakuhangaika sana kupata kituo. Habari hizo zikasambaa vizuri, vyuo vikajaa, na waliozisikia mwisho wakahitimu wakakuta ajira zinatangazwa kwa msimu na waombaji ni umati. Kozi inayosifiwa kijiweni leo, jiulize ni wangapi walianza kuisomea miaka mitatu iliyopita. Samahani, nimejisahau. Usijiulize.

Kama bado una mashaka, angalia kozi ambazo Bodi ya Mikopo inazipa kipaumbele, uchague kwa ajili ya bumu, ile fedha ya kujikimu. Bumu linaingia ukiwa chuoni na lina raha yake. Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi, lakini hayo ni matatizo ya mtu mwenye mshahara. Wewe na deni mtasubiriana.

Hatua ya sita: ukigundua umekosea, nyamaza

Wiki za kwanza chuoni huwa kuna muda wa kuomba kuhama kozi. Utajulikana kwa tangazo lililobandikwa ukutani. Lipite. Kuhama ni kukiri, na sare ya kozi ulishalipia. Ukipata sapu, ule mtihani wa marudio, mhadhiri anakamia watu. Ukidisko, yaani ukiondolewa chuoni kwa kufeli, ni wivu wa kijijini. Ukifika mwaka wa tatu ukiwa mzima, anza kusema kwamba shauku yako ya kweli ni ujasiriamali. Hakuna atakayekuuliza wa nini.

Kuna wachache wasioweza kufuata mwongozo huu. Wana ugonjwa wa kutaka kujua. Hao hufungua ule wa TCU, wanaweka kidole kwenye safu ya sifa, wanajumlisha pointi zao, kisha wanamtafuta mtu anayeifanya kazi yenyewe na kumuuliza jana alifanya nini kutoka asubuhi hadi jioni. Wakimaliza wanajaza fomu wenyewe, kwa namba yao ya simu. Kama wewe ni mmoja wao, jiandae: mjomba atanuna. Atanuna wiki mbili. Digrii ni miaka mitatu kwenda juu.