Mlango Umelala, Mama Hajalala

Safu ya Mzee Bawaba, mshauri wa wenye milango na wa wanaoishi nyuma yake

Barua za safari hii zimetoka Bunda, na nyingi kati ya hizo Guta, ufukweni mwa Ghuba ya Speke. Sishangai. Penye ziwa hapakosi mbu, na mlango wa wavu ukilala, wenye nyumba wanakesha. Nakumbusha tu kwamba mimi nashauri milango. Ndoa zina washenga wake, ingawa safari hii naona mambo hayo mawili yamening'inia kwenye bawaba moja.

*Mzee Bawaba, shikamoo. Naishi Guta, navua dagaa. Mlango wangu wa wavu wa sebuleni umelala upande wa komeo. Ukiufungua unaburuza sakafuni na mlio wake unafika kwa jirani. Nikirudi usiku wa manane kutoka kazini, mke wangu anaamka na kutazama saa, na baba mkwe, ambaye yupo kwetu mapumzikoni, anakohoa. Nimefunga waya wa mshazari kutoka kona ya chini ya bawaba hadi kona ya juu ya komeo, nikaukaza kwa koleo hadi nikatoka jasho. Mlango umezidi kulala! Juzi, na mbalamwezi ile nyeupe pee, nilionekana na mtaa mzima nikiunyanyua kwa mikono miwili. Je, niliuziwa waya feki?*
*Mvuvi Asiye na Siri, Guta*

Marahaba, mwanangu. Waya wako hauna kosa. Umeupitisha njia ya adui.

Mlango wa wavu ni mbao nne zilizozunguka uwazi. Mlango wa mbao tupu una mwili wa kuubeba, huu wako ni mifupa na ngozi. Na umbo la pembe nne halina msimamo: viungo vikilegea kidogo tu, mstatili unageuka msambamba huku kila ubao ukiwa na urefu wake uleule. Pembetatu ndiyo kaidi. Haibadiliki mpaka upande wake mmoja urefuke, ufupike au uvunjike, na kwa sababu hiyo kenchi za paa lako zimejaa pembetatu.

Sasa shika futi. Mlango wa mita 2.1 kwa sentimita 90, ukiwa umenyooka, ulalo wake kila upande ni kama mita 2.285. Upande wa komeo ukishuka sentimita 2, ulalo unaotoka bawaba ya juu kwenda komeo chini unarefuka hadi mita 2.30, na ule wa pili unafupika hadi mita 2.27 hivi. Tofauti inakaribia sentimita 4. Waya haujui kusukuma, hujua kuvuta tu. Kwa hiyo ufunge kwenye ulalo uliorefuka ili uufupishe: juu upande wa bawaba, chini upande wa komeo. Wewe uliufunga kwenye ulalo uliokwisha kufupika, ukaufupisha zaidi. Yaani ulitoka jasho ukiusaidia mlango kuanguka.

Ungetumia ubao badala ya waya, njia uliyoichagua ingekuwa sahihi kabisa, kwa sababu ubao husukuma. Ubao wa mshazari huanzia chini kwenye bawaba, ukaenda juu kuitegemeza kona ya komeo. Mafundi wengi vijana huchanganya hapa, nao huona aibu kuuliza.

Fanya hivi. Kwanza weka kabari chini ya kona ya komeo, uinyanyue mpaka nyalo zilingane kwa futi. Pigilia vipande vya bati nene kwenye kona mbili, kwa skrubu, si misumari, kwa kuwa msumari hung'oka taratibu unapovutwa kila siku. Funga waya, na katikati yake weka kikaza waya, kile cha chuma chenye skrubu mbili ndani ya mwili mmoja. Upande mmoja meno yamekatwa kulia, upande wa pili yamekatwa kushoto, hivyo ukizungusha mwili wa katikati, ncha zote mbili zinaingia ndani kwa pamoja. Bunda mjini muulize muuza vifaa anayeuza vitu vya kukazia waya za milingoti ya antena. Kama hana, pitisha waya mara mbili, chomeka msumari wa inchi 6 katikati ya nyuzi mbili, uusokote, kisha uufunge usijirudie. Waya wa nguzo za TANESCO usiuguse. Nakufahamu ingawa hatujaonana.

Kaza nusu mzunguko, pima, kaza tena. Ukizidisha, fremu itapinda na kona ya komeo itajitokeza kwa mbele. Ubora wa kikaza waya ni kwamba hakikufungi kwenye kipimo cha siku moja. Masika mbao zikivimba utalegeza, kiangazi cha Juni hadi Septemba zikinywea utakaza, na fundi hutamuita.

Hapo mlango umekwisha. Limebaki neno dogo, nalo silo la kwenye safu yangu. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huhitaji giza. Mbalamwezi ikiwa nyeupe pee, mitumbwi ya dagaa inapumzika ufukweni, siku kumi hivi kila mwezi, na watoto wa Guta wote wanalijua hilo. Kikaza waya hakitakusaidia.

*Mzee, shikamoo. Nimesikia mume wangu amekuandikia. Nakuomba kwa heshima usimpe maarifa hayo. Mlango ule ndio mlinzi wangu. Kabla haujalala sikuwa najua lolote.*
*Mama Mwenye Masikio, Guta*

Marahaba, mama. Umechelewa, nimeshamjibu, na kwa mujibu wa taaluma yangu siwezi kumficha mgonjwa dawa. Lakini usinikasirikie bado.

Mlango unaoburuza sakafu haufungiki mpaka mwisho. Mtu akichoka kuunyanyua anauacha wazi robo, na kwenye uwazi huo mbu wanapita kama wamekaribishwa. Tena upande wa juu wa komeo, ukiutazama vizuri, kuna mwanya wenye umbo la kabari, mwembamba huku, mpana kule. Ni mkubwa kuliko unavyodhani. Ukiona wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa yako, usiulaumu wavu, ulaumu mwanya huo. Wale wadudu wasiouma, wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, hukua kwenye tope la chini ya maji, na mara nyingi huibuka wakati wa mwezi mwandamo. Hufuata mwanga. Siku hizo weka taa mbali na mlango, na funika mboga.

Sasa kuhusu mlinzi wako. Mnunulie mumeo springi ya mlango, ile ndefu ya chuma inayofungwa upande mmoja kwenye fremu ya ukuta na mwingine kwenye mlango. Mlango wa wavu kweli unapaswa kujifunga wenyewe, kwa kuwa watoto hawafungi, wageni hawafungi, na wavuvi wanaonyata hawafungi. Mwambie ni kwa ajili ya malaria, na utakuwa umesema kweli tupu. Springi mpya ikibamiza, jirani zako wa nyumba ya tatu watajua amerudi.

*Ndugu Mwandishi. Mimi ni mstaafu, niko Guta kwa mkwe wangu. Kutwa anapima mlango kwa futi kama anapimia suti. Enzi zetu hatukuwa na milango ya wavu, na ninalala ndani ya chandarua. Milango hiyo ni anasa za misheni. Mkanye.*
*Mzee Mgeni*

Mzee mwenzangu, heshima yako. Chandarua usikiache hata siku moja. Lakini chandarua kinamlinda aliyelala. Saa 2 usiku mjukuu wako yuko mezani na daftari, binti yako anapakua ugali, na wewe mwenyewe umekaa kitini ukisubiri kukohoa. Hapo hakuna aliye ndani ya chandarua.

Na si anasa mpya. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa Secunderabad nchini India, aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Wapo waliobaki na mashaka, hivyo mwaka 1900 daktari Patrick Manson wa London akapanga jaribio la wazi. Kibanda cha mbao kilijengwa karibu na Ostia, nje ya Roma, sehemu iliyosifika kwa homa, na milango na madirisha yake yakawekewa wavu. Madaktari Louis Sambon na George Carmichael Low wakakaa humo msimu mzima wa homa. Mchana walitembea popote, wakanywa maji ya pale, wakanyeshewa. Sharti lilikuwa moja: jua likikaribia kuzama, wawe ndani na mlango umefungwa. Waliokaa jirani walipata malaria, wao hawakupata. Wakati huo haikuwepo dawa ya kupuliza wala chandarua chenye dawa. Ulikuwepo wavu, na mlango uliofungika.

Karibu na siku zetu, nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa mianya ya chini ya paa, na nyumba zilizoachwa hivihivi. Mbu walioingia kwenye zile zenye wavu walipungua kwa asilimia 59. Watoto wenye upungufu wa damu, ambao mara nyingi unaletwa na malaria, walikuwa asilimia 12, na kwenye nyumba zisizo na wavu asilimia 19. Kwa hiyo mwache mkwe apime. Na mianya ya chini ya bati ipo pia kwenu; mwambie akimaliza mlango apande ngazi.

*Mzee, mimi ni seremala mjini Bunda. Natengeneza milango ya wavu mizuri, lakini wateja wa Guta wanairudisha baada ya miezi mitatu wakidai imelala. Je, ni husuda?*
*Fundi Mwenye Mashaka*

Si husuda, fundi. Nianze na mbao. Paini inayofika kutoka Mafinga ikiwa bado mbichi, ukaiunga leo na kuikabidhi kesho, itanywea ikiwa imeshapigwa wavu, na viungo vitacheza. Iache kivulini ikauke, hata kama mteja anapiga simu mara nne kwa siku.

Pili, viungo. Ukiunga mbao kwa kuzigonganisha na kupiga misumari miwili, umetengeneza bawaba nne za ziada. Kata tundu na ulimi, tia gundi, kisha toboa upitishe kigingi cha mbao. Na kabla gundi haijakauka, pima nyalo zote mbili, kwa sababu pembe mraba ya chuma hukuhakikishia kona moja moja, wakati nyalo zinakuonyesha mlango mzima.

Tatu, bawaba. Wengi mnafunga mbili ndogo ili kubana gharama. Kwenye mlango wa kimo cha mtu funga tatu, na ile ya juu ifunge kwa skrubu ndefu, kwa kuwa ndiyo inayovutwa kutoka ukutani. Ya chini inasukumwa tu. Ukiona mlango umeshuka lakini nyalo bado zinalingana, mlango hauna kosa lolote, bawaba ya juu imelegea. Wateja wengi hukaza waya kwenye mlango mzima na kuacha skrubu zinachezacheza. Waulize hilo kwanza.

Nne, na hili limenichekesha ila ni kweli: milango yako inafikaje Guta? Nimeona mlango wa wavu umebebwa kwa bodaboda, abiria ameukumbatia kwa kona mbili, nusu umefunga barabara, upepo wa ziwa unauvuta kama tanga. Ukifika umeshalegea kabla haujaning'inizwa. Pigilia ubao wa muda wa mshazari, ung'olewe mlango ukishafungwa ukutani. Na usikubali kamwe kuipunguza kwa randa chini wakati wa masika. Mbao zikinywea kiangazi, panya ataingia bila kuinama.

*Nimepanga chumba na sebule Nyasura. Mlango wa wavu umelala. Mwenye nyumba anasema ni wangu kwa sababu naufungua mimi. Nani alipe?*
*Mpangaji*

Bawaba na fremu vilikuwepo kabla yako, ni vya mwenye nyumba. Wavu uliotobolewa na mwanao ni wako. Nunua kikaza waya kwa hela yako, ukihama ukifungue uondoke nacho, na mlango atabaki nao unavyomstahili.

*Babu, sisi tunapenda kubembea kwenye mlango wa wavu. Mama anasema tutaharibu. Ni kweli?*
*Wa Darasa la Tatu, Guta*

Ni kweli, mjukuu wangu. Ukining'inia karibu na komeo, uzito wako unauchosha mlango mara nyingi kuliko ukining'inia karibu na bawaba. Hesabu hiyo utafundishwa ukiwa mkubwa. Karibu na bawaba bembea inakuwa mbaya, haina raha, kwa hiyo utaacha mwenyewe. Mtafute baba aning'inize kamba kwenye mwembe. Siku za mbalamwezi anayo nafasi.

Wasomaji wenye mageti ya chuma yaliyoshuka, barua zenu nimezipata lakini wapelekeeni wachomeleaji, mimi ni wa mbao. Mkiandika, tajeni urefu wa nyalo zote mbili kwa sentimita na mseme ni upande upi wenye bawaba, la sivyo sitajibu. Na aliyeazima pima maji yangu kabla ya vuli, airudishe.