Tumbo Jeupe, Mfuko Mweupe

Mganga akikutuma Kampala kupimwa utumbo mpana kwa kamera, usinung'unike. Wenzetu wa mbali hufundishwa maandalizi kama watoto: siku nzima bila bugali wala sombe, kisha lita nne za maji ya dawa, chumvi yake kana kwamba yamechotwa Ziwa Katwe, na mbio za chooni hadi alfajiri. Sisi wa Kasindi husafishwa kila wiki bila hata kikombe kimoja.

Kutoka Beni hadi mpakani ni kama kilomita 80 tu, na kila kamba iliyovutwa barabarani ina bingwa wake. "Papa, leta tuone." Anachungulia begi, anachungulia sanduku, anakuchungulia usoni, na anachokitafuta hukipata bila taa wala kamera. Daktari, maskini, na mpira wake wa mita moja na nusu, bado anakuomba usaini kwanza! Akikata kinyama, anakuonyesha, tena anakupa karatasi. Huku hatupotezi karatasi ovyo.

Jambo moja tu la hospitali ningeomba tuige: ile sindano ya usingizi kabla ya kuanza.